Mafuta ya Taa

"Breki nzima," alisema Inspekta, akijipangusa mikono kwa tambara. "Dereva wako mwongo, Sajini. Lori la polisi likifika mchana, apande aende Mbeya. Yamekwisha."

Hayajakwisha, Sajini Kasiani Silwimba alijisemea moyoni, ila mdomoni alijibu, "Ndiyo, Bwana." Ungemjibuje Mzungu wako mbele ya askari wawili na nusu ya Tunduma iliyojazana langoni?

Lile lori lilikuwa limelala ubavu katikati ya uwanja wa kituo, pua imebondeka, magurudumu yamefunguliwa. Juzi lilishuka mteremko wa kuelekea Hasamba na shehena ya chumvi, likashindwa kona, likapindukia bondeni. Dereva wake, Osward Mwashiuya, alitoka na mkono ulioteguka. Abiria wake, Amoni Sichone, hakutoka. Na kwa kuwa Amoni ndiye aliyempelekea Felista barua ya posa kabla Osward hajamuoa, mji mzima ulishakata kesi. Osward alimfungia mwenzake ndani ya lori, akaacha kushika breki, akaruka. Nani asiyejua kuhesabu moja na moja?

"Anyongwe!" sauti ilipasua kutoka langoni. "Amemuua mdogo wangu! Anyongwe!"

Alikuwa Danford Sichone, kaka wa marehemu, macho mekundu, shati limechanika kifuani. Watu walimshika, akawaponyoka, wakamshika tena. Huzuni ile haikuwa ya maigizo. Kasiani alikuwa ameona walia-uongo wengi, na huyu hakuwa mmoja wao.

Upande wa pili wa lango alikaa Felista, mke wa Osward, mtoto mgongoni. Hakulia wala hakujibizana na mtu. Kasiani alipompita alisema kwa sauti ya chini, "Afande, mume wangu ana majivuno na ana kelele. Lakini si muuaji. Wakishampeleka Mbeya hatarudi, na wewe unajua."

"Najua, mama. Lori bado halijafika."

Akaingia mahabusu.

Osward alikuwa amekaa sakafuni, mkono kwenye kitambaa. Kasiani hakupoteza muda wa kusalimiana sana.

"Ulikanyaga breki?"

"Mpaka goti likaniuma."

"Pedeli ilizama?"

"Haikuzama! Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, Afande. Ilikuwa ngumu kama siku zote. Nakanyaga, inakuwa ngumu, na lori halisikii. Kama unamkaripia kiziwi."

Inspekta naye aliambiwa hivyo hivyo, akaona hiyo ndiyo kamba ya kumfungia. Pedeli ngumu maana yake vyuma vyote viko mahali pake, na vyuma vikiwa mahali pake lori husimama. Kasiani aliligeuza neno hilo upande wa pili. Mtu anayetaka kudanganya angesema pedeli ilizama. Ni uongo rahisi, kila dereva anaujua. Kwa nini huyu achague uongo wa kumuumiza mwenyewe?

"Kabla ya pale hukushika breki popote?"

"Wapi? Kutoka gereji ni kupanda, halafu tambarare. Nilipunguza kwa gia. Ule ndio mteremko wa kwanza."

"Na Amoni?"

"Alinisimamisha nje ya mji, na sanduku lake la bati. Ndiyo kwanza anavuka kutoka ng'ambo, migodini. 'Mwapoleni mukwai!' ananisalimu Kibemba, anacheka. Hata kwa kaka yake hakupita. Alitaka amshtue mama yake Hasamba kwanza. Nikamwambia panda."

"Watu wa kandokando wanasema mlifokeana."

"Lori linanguruma, utanong'ona? Alinitania kwamba nilimuoa Felista yeye akiwa chini ya ardhi anachimba. Nami nikamwambia angechimba haraka. Tukacheka. Afande, Amoni tulisoma naye!"

"Uliruka?"

"Nilirushwa. Sikumbuki mlango. Nakumbuka mguu wangu kwenye pedeli na Amoni ananiambia, 'Kanyaga, bwana, kanyaga.'"

Akainamisha kichwa. Kasiani alimwacha.

Hilo la mguu kwenye pedeli alikuwa nalo ushahidi. Jana yake aliutembea mteremko wote kwa miguu. Juu hapakuwa na alama hata moja ya gurudumu lililobanwa. Lakini chini, karibu na kona, zilianza. Kipande cha alama, pengo, kipande, pengo, mpaka ukingoni. Mtu aliyeruka hakanyagi breki. Kwa hiyo Osward alikanyaga mpaka mwisho, na breki zake zilikuwa zikishika na kuachia, zinashika na kuachia, baada ya kuteleza mteremko mzima. Inspekta alisema mawe yalilirusha lori. Haya, mawe. Ila barabara ile haina mawe, ina udongo mwekundu.

Basi kulikuwa na kitu kati ya ngoma ya breki, ile inayozunguka na gurudumu, na viatu vya breki vinavyoibana kwa ndani. Kitu gani? Ngoma zote zilifunguliwa asubuhi hiyo, kavu kabisa. Grisi hakuna, mafuta hakuna. Kasiani mwenyewe alipitisha kidole, kikatoka kisafi.

Alisimama juu ya ngoma moja akiwa na hasira nayo, maana ilikuwa ikimtazama tu. Mdomo wake ulikuwa na matope. Akachota maji kwenye debe kwa kopo, akayamwagia.

Matope yakaondoka. Maji yaliyobaki ndani hayakutandaa. Yalijikusanya matone-matone, mviringo, yakakimbia chini kama yakiwa juu ya jani la gimbi.

Kasiani akakodoa macho. Ukutani kulikuwa na ngoma kuukuu ya lori lingine, ya kufungia kamba za hema. Akaiburuta, akaisugua kwa majivu na sabuni mpaka mikono ikamwasha, akaisuuza, akaimwagia maji. Humo maji yalitandaa, yakailowesha kote.

Akarudia ya kwanza. Matone.

"Kumbe!" alisema kwa sauti, na askari mmoja akageuka.

Ndani ya ngoma ya lori kulikuwa na mafuta. Machache mno, jicho haliyaoni, kidole hakiyahisi. Maji tu ndiyo yaliyoyajua.

Na mtu wa mwisho kuzigusa breki zile, asubuhi ya ajali, alikuwa Danford, fundi wa gereji.

Msiba ulikuwa umewekwa kwa Danford, nyuma ya gereji. Amoni alizikwa jana, jamaa walikuwa bado mkekani. Danford alikuwa amerudishwa kutoka kituoni na kukalishwa karibu na mama yake, Mama Yunisi, aliyekuja kutoka Hasamba kumpokea mwanawe kwa namna ambayo hakuitegemea.

"Shikamoo mama. Poleni sana."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa, tutafanyaje."

"Fundi," Kasiani akamgeukia Danford, "naomba neno moja. Asubuhi ile uligusa breki?"

"Niligusa, sifichi." Danford alimtazama usoni. "Nilizifungua, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikazikausha, nikazifunga. Mafuta nilichukua kwa yule mama Mndali wa sokoni. Nenda kamuulize. Niliziacha kavu kama mfupa. Huyo mbwa hakukanyaga, ndiyo basi."

Alilijibu swali la pili kabla hajaulizwa. Kasiani aliliweka hilo pembeni.

"Ulijua Amoni anarudi?"

"Ningejua..." Danford alianza, akakwama. "Ningejua ningemchinjia kuku. Nilimuona akiwa maiti, Afande. Basi, niache."

Mama Yunisi akamshika mwanawe begani. "Mwache, Sajini. Amefanya yote huyu. Mafuta ya kumpaka mdogo wake ni yeye aliyeyatoa ndani, na kwa mikono yetu miwili tulimpaka, kichwa mpaka miguu, akalala anang'aa. Mtoto gani mwingine angefanya hivyo?"

"Kweli, mama," alisema Kasiani, akaondoka na moyo mzito. Sababu ya Danford kumchukia Osward aliijua, kila mtu aliijua. Mwaka jana Danford ndiye aliyeshika usukani wa lori lile, mpaka alipolipeleka mtaroni akiwa amelewa. Tajiri akamtupa gereji ashike spana, usukani akapewa Osward. Lakini mtu ataharibu breki za lori linalomchukua mdogo wake? Hapo akili iligoma.

Sokoni, Mama Tupokigwe hakuwa na shida kupatikana. Alikuwa mwanamke mnene kutoka Isongole, milima ya Ileje, anayeuza karanga na kelele kwa pamoja.

"Shikamoo mama. Danford fundi alichukua mafuta kwako juzi?"

"Marahaba. Ee, alichukua, mwanangu, asubuhi mapema. Mafuta ya taa, chupa moja. Nimefanya kosa? Mwe! Sasa hata kuuza mafuta ya taa ni polisi?"

"Hakuna kosa, mama. Una hakika ni ya taa?"

"Nisijue ninachouza?" Alijibu kwa ukali mpaka jirani zake wakacheka.

Kasiani alirudi kituoni amenywea. Mafuta ya taa hukauka juani. Mafundi wote husafishia. Danford alisema kweli, na shahidi wake amesimama naye. Yaani ushahidi wote wa maji ulikuwa umeyeyuka.

Umeyeyuka? Hapana. Ile ngoma bado inatoa matone. Kasiani alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na mkewe alikuwa akimlaumu kwa hilo kila siku. Leo kichwa hicho kilimfaa.

Alichukua ile ngoma kuukuu iliyosuguliwa kwa majivu. Akaifuta ndani kwa mafuta ya taa ya kandili ya kituo, akaianika juani mpaka ikakauka, harufu ikapungua. Kisha akaisimamisha kama gurudumu, akaweka ndani yake kiatu cha breki kisafi, kilichotoka na ngoma hiyo kuukuu, na kuiviringisha polepole mbele ya Inspekta.

"Mchezo wa watoto huu?" Inspekta aliuliza.

"Tazama kiatu, Bwana."

Ngoma ilizunguka na kiatu kikapanda nayo. Kikang'ang'ania, kikapanda ukuta wa ngoma, juu, juu, ndipo kikaachia na kuanguka kwa kishindo.

"Sasa hii ya lori. Kiatu ni kile kile."

Akaisimamisha ngoma ya lori, kavu, safi, inapendeza machoni. Akaiviringisha. Kiatu kilinyanyuka kidogo, kikateleza kikarudi chini. Kasiani akaendelea kuviringisha, na kiatu kikaendelea kulala pale chini, ngoma inapita chini yake kama haikihusu.

Inspekta aliacha kutabasamu. "Rudia."

Akarudia. Inspekta akapiga goti, akaviringisha mwenyewe, akapitisha kidole ndani, akakinusa, akakitazama.

"Hakuna kitu hapa," alisema, "na kipo." Akajipangusa kidole kwenye suruali. "Sajini, nilipokuwa kijana niliendesha pikipiki za mashindano. Injini zetu tulizitia mafuta ya nyonyo. Unajua kwa nini? Mafuta mengine ukiyabana sana kati ya chuma na chuma yanakimbia. Ya nyonyo hayakimbii. Utando wake wa mwisho, ule mwembamba kabisa, unashika chuma haubanduki. Unafuta, unaondoa yale unayoyaona tu. Yaliyobaki yanatosha."

"Na mafuta ya taa?"

"Umeona mwenyewe. Kiatu kilipanda. Haya si mafuta ya taa." Alisimama, akakung'uta goti. "Nilikosea kuhusu breki. Lakini fundi wako alinunua mafuta ya taa, na una shahidi. Niletee aliyeleta nyonyo, nami nitamfungua dereva. Bila hivyo anapanda lori. Siwezi kwenda mbele ya hakimu na kiatu kinachocheza."

Na mbali, upande wa Mbozi, mngurumo wa lori la polisi ulishaanza kusikika ukipanda.

Kasiani alifumba macho. Hebu tulia, alijiambia. Meza ya Mama Tupokigwe. Kuna nini pale? Karanga. Vikapu. Vibuyu vimepangwa nyuma ya mguu wake. Debe? Hakuna debe. Mafuta ya taa huja kwa debe. Harufu? Pale palinuka karanga na watu. Muuza mafuta ya taa hunuka mpaka nguo zake, ukinunua karanga kwake utazitema.

Alitoka mbio, Sajini mzima, watu langoni wakampisha.

"Mama! Nionyeshe hayo mafuta ya taa."

"Jamani, huyu naye!" Mama Tupokigwe aliinama, akainua kibuyu, akakizibua. "Haya hapa. Nusa."

Hayakuwa na harufu ya kandili. Yalikuwa mazito, ya manjano, yakishuka kwenye kidole polepole bila haraka ya kwenda popote.

"Mama, haya ni ya nyonyo."

"Ndiyo, ya nyonyo. Si ndiyo ya taa?" Alimshangaa kama mtu anavyomshangaa mtoto aliyelelewa vibaya. "Kwetu Isongole taa ni kigae na utambi wa pamba. Bibi yangu aliwasha haya, mama yangu aliwasha haya. Hayo yenu ya debe ni parafini. Nani kakwambia parafini ni mafuta?"

Kasiani, Mnamwanga wa Tunduma, aliyezaliwa mjini na kandili ukutani, alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Mara ya kwanza aliuliza swali sahihi na kupewa jibu sahihi, na hawakuelewana hata neno.

"Danford naye alikosea? Alitaka parafini?"

"Akosee wapi! Nilimuuliza, fundi, una parafini gerejini kwako tele, ya nini haya? Akasema, 'Mama, nipe yale ya taa ya kwenu.' Ya kwetu, alisema. Nikampimia chupa."

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake. Danford alilichagua lile neno makusudi. Alijua polisi watasikia parafini, alijua mama huyu ataapa mpaka mbinguni kwamba ni ya taa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Alipaka, akafuta, akakausha, akaacha utando usioonekana. Na Amoni? Amoni hakuwamo katika hesabu. Amoni alikuwa ng'ambo migodini, kwa ajuavyo kaka yake. Ningejua, alisema. Alikuwa karibu kulimaliza neno lenyewe.

Ilibaki chupa yenyewe. Na chupa, Mama Yunisi alishamwambia ilipo, bila kujua anasema nini.

Alipofika msibani akiwa na askari mmoja, lori la polisi lilikuwa limeshasimama kituoni. Kilio cha Felista kilisikika kutoka huko, kwa mara ya kwanza tangu juzi. Walikuwa wanamtoa Osward.

"Mama," alisema Kasiani, akichuchumaa mbele ya mkeka, "yale mafuta mliyompaka Amoni yamebaki?"

"Yamebaki kidogo, baba." Mama Yunisi alinyanyuka kwa taabu. "Yatasaidia? Yatasaidia yule Osward apatikane na hatia?"

"Yatasaidia kupata ukweli, mama."

Danford alikuwa amekaa. Aliposikia akainuka nusu. "Mama, usimpe."

Mama alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na chupa ameifunga kwenye ncha ya khanga, kwa kuwa ilimgusa mwanawe, hakutaka ichafuke. Akaifungua. Mafuta ya manjano yalitikisika chini ya chupa.

"Kwa nini nisimpe?" aliuliza.

Danford aliikodolea macho chupa.

"Danford. Nimekuuliza, kwa nini nisimpe?"

"Fundi," Kasiani alisema taratibu, "parafini haipakwi maiti. Mama Tupokigwe amekumbuka maneno yako yote. Hukujua kwamba Amoni yumo. Hilo ninaliamini, na nitalisema popote nitakapoulizwa. Lakini pale uwanjani kuna mtu anapandishwa lori sasa hivi kwa kosa lako. Sema."

Danford alirudi kukaa.

"Nilitaka aende mtaroni tu," alisema. "Kama mimi. Wamnyang'anye usukani kama walivyoninyang'anya mimi. Lori likiwa tupu mbele, yeye peke yake, mtaroni, basi. Nani alimwambia Amoni apande? Kwa nini hakupita kwangu? Angepita kwangu asubuhi ile, angelala hapa!" Sauti ikapasuka. "Mbona hakupita kwangu?"

"Kimbia," Kasiani alimwambia askari wake bila kugeuka. "Mwambie Bwana Inspekta amfungue Osward pingu. Amkabidhi kwa mkewe. Mimi namleta fundi."

Askari alikimbia. Kasiani aliichukua chupa kutoka mkononi mwa Mama Yunisi, na mama aliiachia bila kushindana. Alikuwa hamtazami Danford wala Kasiani. Alikuwa akitazama viganja vyake, vile vilivyompaka Amoni kichwa mpaka miguu.

Akavishika kwa khanga, akaanza kuvifuta. Alifuta kiganja cha kulia, akafuta cha kushoto, akavitazama juani, akarudia cha kulia. Wanawake walimwita, "Mama Danford, mama, basi." Hakusikia. Alikuwa bado anafuta Kasiani alipompeleka mwanawe nje.